Saba kwa tatu ya Stockfish na Leela: ulizichezesha wapi?

Mkuu, unasema umezichezesha programu mbili za chesi kwenye laptop yako, Stockfish ikaichapa Leela saba kwa tatu, kwa hiyo Leela ni jina tu. Ngoja kwanza. Hiyo laptop ina kadi ya picha (GPU)? Leela inategemea mtandao mkubwa wa nyuroni, yaani hesabu nyingi zilizojifunza kutokana na mifano (si intaneti), na mtandao huo unataka kadi ya picha. Ukiubebesha prosesa ya kawaida unatambaa. Stockfish nayo ina mtandao wake tangu toleo la 12, mwaka 2020, ila ni mdogo, umetengenezwa makusudi kwa ajili ya prosesa. Kama ulitaka kujua utumie ipi kwenye laptop hiyo, jibu umelipata na ni halali. Kama ulitaka kujua ipi ni kali zaidi, bado hujapima.

Mimi yalinikuta hapa Nzuguni, Dodoma. Shemeji na mimi tulipambanisha Stockfish na Komodo, programu nyingine ya chesi, kila moja kwenye laptop yake, modeli ile ile, hatua tunazihamisha kwa mkono. Komodo, ambayo ilikuwa yangu, ilianza vizuri. Kufika saa nane mchana ikawa inafungwa tu, na shemeji kicheko hakimwishi. Nikatazama ile namba inayoonyesha programu inakagua nafasi ngapi kwa sekunde: asubuhi ilikuwa laki nane na ushee, sasa laki tatu na nusu. Laptop ya shemeji ilikuwa mezani. Yangu nilikuwa nimeilaza juu ya godoro, chumba cha bati, na jua la Oktoba la huku unalijua. Matundu ya hewa yamezibwa, prosesa imechemka ikajipunguzia kasi yenyewe. Kumbe tangu mchana tulikuwa tunashindanisha meza na godoro!

Tukazihamishia zote kwenye laptop ya shemeji. Hapo likaja kosa la pili: Komodo ilikuwa imewashiwa kufikiri wakati wa zamu ya mpinzani. Kwenye mashine mbili hiyo haina neno, ilimradi iwashwe pande zote. Kwenye mashine moja yenye kori mbili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja kivyake), inamla mwenzake prosesa wakati mwenzake ndiye anayecheza. Nikaizima, nikazipa kori moja moja na kumbukumbu sawa, na kila ufunguzi ukachezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi.

Kuhusu hiyo saba kwa tatu: chukua sarafu ya mia mbili, irushe mara kumi. Upande mmoja, wowote ule, kutokea mara saba au zaidi ni karibu mara moja katika kila majaribio matatu. Na sarafu haijui hata farasi anaendaje. Sisi tuliacha mashine usiku kucha, kumepoa, michezo 400 ya sekunde kumi kumi. Asubuhi Stockfish 241, Komodo 159. Kwa hiyo shemeji alikuwa sahihi, lakini si kwa kipigo kile cha mchana.

Hata wakubwa yaliwakuta. Desemba 2017 AlphaZero, programu ya DeepMind ya Google, ilitangazwa kuifunga Stockfish 8 michezo 28, sare 72, bila kupoteza hata mmoja. Watu wakalalamika: Stockfish ilipewa nyuzi 64 (kazi 64 zinazokwenda sambamba kwenye prosesa) lakini kumbukumbu ya gigabaiti 1 tu, tena dakika moja kwa kila hatua, wakati sehemu ya ufundi wake ni kujua wapi ikae ifikiri na wapi ipite haraka. Matokeo ya pambano lao lililotangazwa 2018 yalitokana na Stockfish kupewa gigabaiti 32, saa tatu kwa kila upande na nyongeza ya sekunde 15 kwa hatua. AlphaZero ikashinda tena, 155 katika michezo 1,000, ila safari hii ikafungwa 6. Binafsi namba hizi za pili ndizo ninazoziheshimu.

Weka hapa modeli ya laptop, kadi ya picha kama ipo, na muda ulioupa kila upande. Na kama umeme ulikatika katikati ukahamia betri, sema pia.