Miezi miwili kabla ya kuingia wodini

SWALI: Daktari, shikamoo. Nimemaliza miaka ya darasani katika masomo ya udaktari, na baada ya miezi miwili nitaanza mafunzo ya wodini. Mitihani ya anatomia na fiziolojia nimefaulu vizuri, lakini kila nikifikiria kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa huku daktari bingwa akinitazama, moyo unanienda mbio. Wenzangu wamekusanya vitabu vinene na wameazimia kuvimaliza kabla ya siku ya kwanza. Je, nami nifanye hivyo, au kuna maandalizi mengine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vitabu hivyo viweke kando kwanza, kwa kuwa kuna jambo ambalo halisubiri, nalo ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa kawaida mtu mzima huchanjwa dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Piga hesabu mwenyewe uone kwamba hata ukianza leo, utaingia wodini ukiwa na dozi mbili tu. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, omba upimwe kingamwili, maana wapo watu wachache ambao miili yao haiitikii chanjo hiyo. Ninalitanguliza jambo hili kwa sababu wanafunzi wengi hulikumbuka wakiwa tayari wameshika sindano.

Baada ya hapo, jizoeze mambo manne ambayo kila mtu hudhani anayajua: kuhesabu mapigo ya moyo, kupima shinikizo la damu, kupima joto la mwili na kuhesabu pumzi. Hilo la mwisho ndilo hupuuzwa kuliko yote, na mimi mwenyewe nililipuuza. Katika juma langu la kwanza wodini niliandika kwenye faili la mzee mmoja kwamba anapumua mara 18 kwa dakika. Sikuwa nimehesabu, niliandika 18 kwa sababu ndiyo namba niliyoizoea vitabuni. Muuguzi wa zamu alilisoma faili, akamtazama mzee, akamshika kifundo cha mkono kana kwamba anahesabu mapigo, huku macho yake yakiwa kifuani pa mgonjwa. Akasimama hivyo dakika nzima, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: “Ni 34, daktari.” Mzee alikuwa na nimonia, na mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Tangu siku hiyo huhesabu pumzi kwa sekunde 60 kamili, tena bila kumwambia mgonjwa ninachokihesabu, kwa kuwa akijua hubadilisha upumuaji wake bila kukusudia. Fanya hivyo kwa ndugu na marafiki hadi mkono na jicho vizoee. Katika kupima shinikizo la damu, zingatia ukubwa wa mkanda unaofungwa mkononi, kwani ukiwa mdogo kuliko mkono wa mgonjwa utakupa namba ya juu isiyo ya kweli.

Jambo jingine ni kusikiliza. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba madaktari waliowachunguza waliwakatiza wagonjwa maelezo yao, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Mwanafunzi mwenye hofu ndiye hukatiza zaidi, kwa sababu kichwani ana orodha ya maswali na anaogopa kulisahau moja. Basi jifunze kumuuliza mgonjwa kilichomleta, halafu nyamaza hadi afike mwisho. Orodha yako utairudia baadaye, na utakuta nusu ya maswali yamekwisha kujibiwa. Kabla ya hayo yote jitambulishe kwa jina, useme wazi kwamba wewe ni mwanafunzi, na umwombe ridhaa kabla ya kumgusa. Akikataa, mshukuru na uondoke bila kununa. Mgonjwa hana deni la kukufundisha, na wengi wao watakufundisha kwa hiari kuliko unavyotarajia.

Kuhusu hofu yako ya kuzungumza mbele ya daktari bingwa, dawa ninayoijua ni kusema kwa sauti ukiwa peke yako. Sentensi ya kwanza ibebe umri wa mgonjwa, kilichomleta na muda wa tatizo lake. Kisha eleza ulivyolikuta tatizo, uliyoyaona kwa macho na mikono yako, na unachokifikiria. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui na kwamba utalitafuta, kisha ulitafute kweli. Daktari mwandamizi husamehe kutojua, lakini hawezi kuvumilia jibu la kubuni, kwa kuwa mgonjwa anaweza kutibiwa kwa jibu hilo.

Sasa nirudi kwenye vitabu. Huwezi kuvimaliza kwa miezi miwili, na hata ukivimaliza havitakaa kichwani. Njia iliyonifaa mimi, na ambayo nimeiona ikiwafaa wanafunzi wangu, ni kuchagua mgonjwa mmoja kila siku na kusoma usiku huo juu ya ugonjwa wake tu. Ugonjwa wenye sura ya mtu husahaulika kwa shida. Kuwa na daftari dogo la mfukoni kwa ajili hiyo, lakini usiandike jina la mgonjwa wala namba ya faili lake, na habari zake usizizungumze kwenye lifti au korido, ambako ndugu zake wanaweza kuwa nyuma yako.

Halafu mikono. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba akina mama waliojifungua walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi kwa sababu madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima. Alipowaamuru kunawa kwa maji yenye klorini, vifo vilipungua sana. Wanafunzi wale hawakuwa wabaya, ila hawakujua, wewe unajua. Safisha mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa: sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono, au 40 hadi 60 kwa maji na sabuni.

SWALI: Rafiki yangu alijichoma kwa sindano iliyotoka kumtoa mgonjwa damu, akanyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Ikinitokea mimi, nifanye nini?

JIBU: Nawa mara moja kwa maji na sabuni bila kukamua jeraha, kisha mjulishe msimamizi wako papo hapo, hata kama yuko katikati ya raundi. Uwezekano wa kuambukizwa VVU kwa mchomo kama huo ni mdogo, takriban watu 3 kwa kila 1,000 iwapo mgonjwa anavyo na hatumii dawa, lakini dawa za kuzuia maambukizi hufaa zikianzwa ndani ya saa chache, na haziwezi kusubiri zaidi ya saa 72. Huendelea kwa siku 28. Ili usifike huko, usirudishie kifuniko cha sindano iliyotumika. Itie moja kwa moja kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali.

Rafiki yako, hata kama saa hizo zimempita, bado anapaswa kupimwa VVU na homa ya ini aina ya B na C, na kurudia vipimo kwa tarehe atakazopangiwa. Mwambie leo, na akisitasita, mfuatane.