Samaki wa sentimita tatu na hela kidogo, ninunue nini kwanza?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nafuga multi, wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, kwenye tangi la lita 60. Kamera yangu ni Canon 1300D na lenzi ya 50mm f/1.8 STM. Picha zinatoka samaki kadogo katikati, nikimkuza anakuwa ukungu mtupu. Bei za lenzi za makro nimeziona nikafunga simu. Kuna njia ya hela ndogo? Na flashi si itawapofusha?

JIBU: Nzuri dada, na hongera kwa multi maana kwa mpiga picha hao ni zawadi kabisa, samaki aina ya neon atakukimbiza tangi zima ila multi ana kombe lake na habanduki mbali nalo, kwahiyo unajua kabla atakuwa wapi.

Tuanze na hesabu kidogo kabla hujatoa hela. Hiyo 50mm STM mwisho wake wa kusogelea ni sentimita 35, ukizidi hapo fokasi inagoma, na hapo inakupa ukubwa wa mara 0.21 tu, yaani picha inayoangukia kwenye sensa (kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) ni 0.21 ya ukubwa halisi wa kitu. Sensa ya 1300D ina upana wa milimita 22 na kidogo, kwahiyo fremu nzima inabeba kama sentimita 10 na nusu, sasa samaki wa sentimita 3 humo ndani lazima aonekane punje. Ukitaka ajaze theluthi mbili za fremu unahitaji mara 0.5 basi. Yaani ile 1:1 (ukubwa halisi kamili) ya lenzi ya makro ambayo watu wanaitafutia mkopo wewe huihitaji, labda siku ukitaka jicho peke yake.

Cha kununua ni tyubu za kurefusha lenzi, zile ringi zinazokaa katikati ya bodi na lenzi, hazina kioo ndani ni uwazi tu, kwahiyo haziharibu ubora wa lenzi yako. Mara nyingi zinauzwa seti ya tatu, 12mm, 20mm na 36mm. Gawanya urefu wa tyubu kwa 50 upate ukubwa unaoongezeka, kwahiyo ile ya 20 inakupa 0.4, ukijumlisha na 0.21 ya lenzi yenyewe unafika kwenye 0.6 hivi. Ndo hiyo ya kwako. Ya 36 iweke pembeni kwa sasa, inakulazimisha usogee sana na samaki akirudi nyuma kidogo tu umemkosa.

Hapa ndo wengi wanapigwa, naomba usome taratibu. Kuna tyubu za bei ya kutupa ambazo hazina pini za umeme, na kuna zenye pini, zile nukta za rangi ya dhahabu. Kwa lenzi yako chukua zenye pini hata kama ni bei mara mbili au tatu. Canon inabadilisha tundu la lenzi kwa umeme, bila pini linabaki wazi kwenye f/1.8 na kwa karibu vile utapata ncha ya mdomo tu iko shapu, mkia wote moshi. Na hizi za STM hata ringi ya kufokasi inaendeshwa na umeme, ukiizungusha bila pini ni kama unazungusha kifuniko cha chupa. Ringi ya kugeuzia lenzi kinyumenyume ina ugonjwa huohuo, kwahiyo mtu akikwambia hiyo ndo rahisi kuliko zote muulize anatumia lenzi gani. Filta za klozapu, vile vioo vya kukuza vya kufunga mbele ya lenzi, za seti nne, zile za +1 mpaka +10, zipite tu, pembeni zinatoa rangi ya zambarau na ulaini unaokera. Raynox DCR-250, kioo cha kukuza cha kubana mbele ya lenzi, ni nzuri kweli, ila utamu wake utauona siku ukipata lenzi ndefu kama 55-250mm, kwenye 50mm haikupi kikubwa kuliko tyubu.

Hela itakayobaki yote peleka kwenye flashi, tena ningekuwa mimi na hela ya kitu kimoja mwezi huu ningeanza na flashi. Ule ukungu wako nahisi nusu yake ni mtikisiko, taa ya tangi inaonekana kali machoni lakini kwa kamera ni giza. Flashi ya manyo tu (unapanga nguvu yake mwenyewe kwa mkono) inatosha, Godox TT600 au Yongnuo YN560 hata iliyotumika, na triga ya redio, kile kifaa cha kuwasha flashi iliyo mbali na kamera, maana haikai juu ya kamera. Ikikaa juu ya kamera itapiga kioo irudi machoni kwako. Iweke juu ya tangi ikiangalia chini, katikati weka kifuniko cha kioo na karatasi nyeupe ya kulainisha mwanga, na uifunge vizuri, mimi moja ilishaniponyoka ikaingia majini na haikuwaka tena mpaka leo. Samaki hawapofuki, watashtuka mara mbili tatu kisha wanaendelea na ugomvi wao wa mchanga, ila usiwapige gizani totoro, acha taa ya tangi ikiwaka. (Siku ukibadilisha bodi kuwa makini na Canon 2000D na 4000D, pale juu panapokaa flashi hazina ile pini ya katikati, triga za kawaida haziwaki.)

Seti hivi: manyo, shata 1/200 ya sekunde, tundu f/8 mpaka f/11, ISO 200, flashi 1/16 ya nguvu yake kisha panda au shuka kutegemea picha. Usikimbilie f/22, ukiwa karibu hivi f/11 inajibeba kama f/16 tayari na picha inaanza kulainika.

Kioo sasa. Futa nje kwa siki, ndani kwangua mwani, zima taa za chumbani, vaa nguo nyeusi. Lenzi ikabili kioo moja kwa moja kabisa, ukiinamisha hata kidogo picha inapakazika na hakuna programu itakayorudisha. Weka makombe matupu mawili matatu sentimita 5 hivi nyuma ya kioo cha mbele, usihamishe yenye wenyewe, ukaanzisha vita ya ardhi, wape wiki wahamie. Zima fokasi ya kujiendesha iwe ya mkono, iweke sehemu moja kisha sogea mbele nyuma na kamera mpaka jicho liwe shapu ndo ubonyeze. Filta ya maji ya tangi izime dakika kumi mchanga utulie, na usipige siku umebadilisha maji, vipovu vinajaa kila mahali.

Ukiona upande mmoja wa picha una mstari mweusi usidhani kamera imekufa, triga imechelewa kidogo, shusha shata iwe 1/160.