Girmay hakuweza kuanguka, alianguka

Swali la wiki hii limetoka kwa kijana wa Makorora, hapa hapa Tanga. Yeye na wenzake hunyonga baiskeli alfajiri ya Jumapili kutoka mjini mpaka Muheza na kurudi, na ikifika Julai hukaa pamoja kufuatilia Tour de France, mbio za baiskeli za Ufaransa zinazokwenda kwa hatua, kila siku ya mbio na hatua yake. Wana mchezo wao. Kila mmoja anapewa bajeti sawa na mwenzake, anachagua waendesha baiskeli wa kweli, kila mwendeshaji na bei yake, kisha timu aliyoipanga inakusanya pointi kadiri wale watu wanavyofanya huko Ufaransa. Anaandika:

"Shikamoo mwalimu. Tunabishana kijiweni. Wengine wanaziita timu za fantasi, wengine timu za kufikirika, wengine timu za ndoto. Lipi sahihi? Mimi mwaka 2024 niliweza kumchagua Biniam Girmay wa Eritrea. Aliweza kushinda hatua tatu, lakini hatua ya 16 aliweza kuanguka na mimi niliweza kupoteza pointi. Pia utusaidie majina ya vifaa, maana baiskeli zao haziwezi kuwa chini ya kilo 6.8 na kila kitu kina jina la kigeni."

Marahaba, mwanangu. Nianze na ulichouliza, halafu tutazungumza juu ya ulichoandika.

"Timu ya ndoto" iacheni. Anayeota hachagui anachokiota, na wewe ulichagua ukiwa macho, unapiga hesabu ya bei. "Fantasi" limetoka Ugiriki, likapita kwa Mwingereza, likaingia vijiweni kwetu pamoja na wapenzi wa mpira. Linatamkika, linaandikika, watoto wamelizoea. Nimelipinga miaka kadhaa na sasa nimelikubali, litumieni. Mimi mwenyewe nasema "timu ya kubuni", kwa sababu ulichobuni ni timu na hukuwabuni watu. Na hapo ndipo "timu ya kufikirika" inaponisumbua kidogo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani katika Tanga yetu hii, aliipa nchi yake ya kubuni jina la Kufikirika, na ilimfaa, maana ni nchi isiyokuwa na udongo wala mipaka ila akilini. Girmay ana mipaka. Alizaliwa Asmara mwaka 2000, ana miguu, na akianguka anachubuka.

Lakini litazame vizuri hilo neno "kufikirika", kwa sababu limebeba dawa ya ugonjwa uliomo ndani ya barua yako. Mkia wake, -ika, ndio unaosema kwamba jambo linaweza kufikiriwa. Kiswahili kimeuthamini uwezekano kiasi cha kuushonea ndani ya kitenzi chenyewe. Barabara haipitiki. Mwandiko unasomeka. Mlima ule wa kutoka Mombo kwenda Lushoto haupandiki kwa baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Hakuna haja ya kuongeza "weza" hata mara moja, imo tayari. Lugha iliyotunza jambo kwa uangalifu namna hiyo, sisi tunaimwagia "weza" kila sentensi, kama mtu anayetia chumvi katika maji ya kunywa.

Hesabu barua yako. Uliweza kumchagua, akaweza kushinda, akaweza kuanguka, ukaweza kupoteza. Mara nne katika mistari miwili, na kati ya hizo nne ni moja tu ninayoweza kuitetea, tena si yote.

Kitenzi hiki ni chetu, hatukumkopa mtu, na kazi zake zinajulikana. Kinasema nguvu au ujuzi: mtoto huyu anaweza kuogelea. Kinasema jambo lisilo na uhakika: mvua inaweza kunyesha. Kinasema ruhusa: unaweza kuingia. Pwani kina kazi mbili nyingine ambazo mtu wa bara pengine hazijui. Ya kwanza ni kushinda au kuelemea. Kazi imemweza. Homa imemweza. Mlima ukimshinda mwendesha baiskeli akashuka akakokota, husemi mengi, unasema mlima umemweza. Ya pili ni ya kukanusha. Nenda Ngamiani, uliza habari za mzee ambaye hukumwona barazani siku tatu, utajibiwa, "Hawezi." Basi. Hakuna haja ya kuuliza hawezi nini. Hawezi maana yake ni mgonjwa, na sauti ya anayekujibu hushuka anapolitamka.

Sasa niambie, mtu aliyelelewa na neno hilo atalisikiaje tangazo nililolisikia kwenye msiba mmoja, spika ikiwa imefungwa juu ya mwembe: "Marehemu alikuwa hawezi kwa wiki mbili, na usiku wa kuamkia leo aliweza kufariki"? Hakuweza wiki mbili, kisha akaweza. Msemaji alikuwa kijana mwema, mwenye huzuni ya kweli, aliyefiwa na babu yake. Hakukusudia utovu wa adabu wowote. Lakini alichokisema, kwa Kiswahili cha babu yake mwenyewe, ni kwamba mzee alipata nafuu ya kutosha akamudu kufa. Nilitazama chini. Tangu siku hiyo sina subira na neno hili likikaa mahali pasipo pake.

Najua lilikoanzia kuenea. Mtangazaji wa mpira ana dakika 90 za kujaza, na mpira unakwenda kasi kuliko ulimi. "Anaweza kupiga pasi pale, inaweza kumfikia mwenzake, anaweza kupiga shuti, mpira unaweza kutoka nje." Mpira umeshatoka nje! Hakuna uwezekano tena, kuna mpira ulio nje. "Anaweza" hapo si kitenzi, ni pumzi anayoivuta akitafuta kitenzi. Namwelewa, kazi yake ni ngumu. Ila msikilizaji wake hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa amekaa, ana kahawa na kashata, akaichukua ile pumzi ya mtangazaji akaipeleka nyumbani, ofisini, kwenye taarifa ya habari, kwenye barua kwa mwalimu, mpaka msibani.

Turudi kwa Girmay, maana huyu ndiye aliyenifanya nisilale. Hatua ya 16 ya mwaka 2024 ilimalizikia Nîmes. Kilomita chache kabla ya mwisho, kundi likiwa limebanana na kila mmoja akitafuta nafasi ya mbio za kumalizia, Girmay alianguka. Neno ni "alianguka". Lina silabi tano na lina kila kitu: mtu, wakati, ardhi. Wewe umeandika "aliweza kuanguka". Maana yake nini? Kwamba alijaribu kuanguka hatua ya 13 akashindwa, ya 14 akashindwa, ya 15 akakaribia, mpaka Nîmes ndipo juhudi zake zikazaa matunda? Kwamba kulikuwa na kizuizi kati yake na lami, naye akakivuka? Kuanguka kwenye baiskeli hakuhitaji uwezo. Mtoto wa miaka minne anaanguka. Gunia la nazi linaanguka kutoka kwenye karia wala hatulipongezi. Kinachohitaji uwezo ni alichokifanya baadaye. Aliinuka, akapanda tena siku iliyofuata na kidonda chake, akaifikisha jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi za mashindano, mpaka mwisho, Mwafrika wa kwanza kuitwaa. Hapo andika "aliweza" kwa herufi kubwa ukipenda! Hapo palikuwa na maumivu, palikuwa na milima, palikuwa na wapinzani wanaomsubiri achoke, na yeye akaweza. Lakini wewe neno lako umeshalitumia kwenye lami ya Nîmes. Lilipohitajika kwa ushujaa, lilikuwa limechakaa.

Hiyo ndiyo hasara ninayoilia. Neno likitumika kila mahali halina tena mahali pake.

Hata "aliweza kushinda hatua tatu" naikubali nusu tu. Ushindi wa Turin, tarehe 1 Julai, ndiyo, aliweza. Tour imeanza mwaka 1903, na hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hatua kabla yake. Kizuizi kilikuwepo, tena cha zaidi ya miaka 100. Lakini ule wa Colombey-les-Deux-Églises na ule wa Villeneuve-sur-Lot? Huyu sasa ni mshindi anayejulikana, anashinda. Sema "akashinda". Mpe heshima ya kitenzi kitupu.

Na kukanusha nako kuna adabu yake. Mwaka 2022 huyu huyu Girmay alishinda hatua ya 10 ya Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, akapanda jukwaani, akafungua chupa ya mvinyo wa kusherehekea, kizibo kikaruka kikampiga jichoni. Kesho yake hakuweza kuendelea na mashindano. Soma tena sentensi hiyo: "hakuweza kuendelea." Nia ilikuwepo, miguu ilikuwepo, jicho likakataa. Neno limekaa kitini pake, na unauhisi uzito wake kwa sababu halikutangulia kupotezwa njiani.

Au chukua Kigali, Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani ulipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, milima juu ya milima, na kipande cha mawe pale Kimihurura kinachopandwa tena na tena. Walioanza walizidi 160. Walioweza kumaliza ni 30. Wengine wote mlima uliwaweza. Na Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeshinda, aliwaweza wote pamoja na mlima wenyewe. Unaona jinsi kitenzi kimoja kinavyopanda na kushuka kikiachiwa njia yake?

Kuna kosa jingine la ukoo huo huo, nalo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Umesema baiskeli zao "haziwezi kuwa chini ya kilo 6.8". Zinaweza sana! Fremu za nyuzi za kaboni zimekuwa nyepesi kiasi kwamba mafundi wakiachiwa huru wataunda baiskeli nyepesi zaidi bila shida. Ni kanuni ya chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, ndiyo iliyoweka kikomo hicho, na tangu mwaka 2000 baiskeli iliyo chini yake haikubaliki mashindanoni. Kwa hiyo haziruhusiwi, au hazitakiwi, kuwa chini ya kilo 6.8. Ukisema "haziwezi" umeigeuza sheria ya watu ikawa sheria ya maumbile. Msomaji atadhani kaboni ndiyo iliyogoma, kumbe ni kamati. Mtu akishazoea kusema "haiwezekani" badala ya "wamekataza", hatauliza tena ni nani aliyekataza.

Majina ya vifaa hayana kesi ndefu. Mfuate fundi anayeziba pancha chini ya mti, msikilize. Atakuambia fremu, uma, rimu, spoki, cheni, pedeli, siti, breki, gia, madigadi. Mengi yalitoka kwa Mwingereza, kama lilivyotoka "baiskeli" lenyewe, yakavaa irabu zetu, yanapata wingi na umoja wetu, yametulia. "Uma" ni letu, na hakuna aliyelitunga mkutanini. Fundi alikitazama chuma kilichogawanyika, akakumbuka uma wa mezani. Vile viatu vinavyonasa kwenye pedeli viiteni hivyo hivyo, viatu vya kunasa, mpaka fundi awape jina bora. Kofia ni helmeti. Na kuendesha kwa miguu mnakuita kunyonga, neno zuri kabisa, lishikeni.

Nimeiandika upya barua yako, uone inavyokwenda ikipunguzwa mzigo:

"Mwaka 2024 nilimchagua Girmay. Akashinda hatua tatu, akaanguka ya 16, nikapoteza pointi."

Ni -ka-, -ka-, -ka-. Hiyo -ka- ndiyo cheni ya masimulizi ya Kiswahili, kila jino linashika lililotangulia, na hadithi inasonga. Ukiweka "aliweza" kati ya jino na jino, cheni inachomoka. Bibi yako anaposimulia hatumii hata moja: akaenda, akafika, akagonga, akafunguliwa. Jaribu kumsikiliza usiku mmoja kwa nia ya kuhesabu.

Wasalimie wenzako wa Jumapili. Na mkimaliza mchezo wenu wa Julai ijayo, niandikie matokeo. Ukitoka wa tano, andika "nilitoka wa tano". Ukitoka wa kwanza baada ya kufukuzana mpaka hatua ya mwisho, na ni kweli walikutoa jasho, basi andika "niliwaweza", nami nitalichapa hapa hapa bila kugusa herufi.