Mgunga ndani ya chungu: kanuni ipi ifuatwe?

SWALI: Mhariri, ninalea mgunga kwa mtindo wa bonsai, yaani sanaa ya kulea mti mdogo ndani ya chungu. Wenzangu kikundini wanasisitiza kwamba tawi la kwanza lianzie kwenye theluthi ya kimo cha mti, matawi yapishane kushoto, kulia na nyuma, na kilele kichongwe pembetatu. Nikifuata hayo, mti wangu haufanani tena na mgunga. Je, nikiyaacha nitakuwa nimeiharibu sanaa? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ndugu msomaji, hutakuwa umeiharibu. Pembetatu hiyo ni sura ya misonobari ya Japani, ambayo ncha yake hutangulia kukua na matawi yake ya chini huinama kadiri mti unavyozeeka na kulemewa na theluji. Mgunga ukikomaa hufanya kinyume: matawi ya chini hufa, shina hugawanyika juu, na majani hutanda kama mwavuli. Wapenzi wa bonsai wa Afrika Kusini waliliona hilo zamani, wakatunga mtindo wa kilele bapa wenye jina la mchoraji Jacob Hendrik Pierneef (1886–1957), ambamo shina huachwa wazi, matawi hupanda kimshazari, na vichipukizi hupogolewa usawa mmoja.

Hata Japani kwenyewe mambo hayakusimama. Masahiko Kimura, msanii wa bonsai aliyezaliwa mwaka 1940, alilaumiwa na wahafidhina kwa kuchonga miti aina ya mireteni kwa mashine za umeme. Leo mashine hizo zimo katika karakana nyingi za bonsai.

Hata hivyo, usidhani kila kanuni ni suala la ladha tu. Matawi matatu au manne yakichipuka mahali pamoja, shina huvimba hapo, na uvimbe ukishakomaa hauondoki bila kidonda kikubwa. Katika mtindo bapa hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa matawi yote hutokea karibu na kilele; kwa hiyo kila panapogawanyika bakiza mawili, na mengine uyaondoe yangali mabichi.

Kuhusu tawi la theluthi, wenzako wamekosea kulitaka libaki daima, lakini nawe usiharakishe kulikata. Liache lirefuke bila kupogolewa kwa misimu miwili au mitatu, kwa sababu ndilo linalonenepesha sehemu ya chini ya shina; shina likifikia unene unaoutaka, likate lote.