Jirani Kasukuma Zote: Ufuate au Utupe?

Msomaji mmoja wa Nachingwea kaniletea swali la poka: "Shikamoo kaka. Meza ya watu tisa, blaindi (dau za lazima za wawili wanaomfuata mgawaji, ndogo na kubwa) 500 na 1,000. Mimi blaindi kubwa, nimeshika A na J. Wa kwanza kushoto kwangu kasukuma zote katikati, chipu 8,000. Wengine wote wametupa. Nikafuata, akafungua A na K, nikaliwa. Wenzangu wananicheka mpaka leo. Nilikosea?"

Marahaba. Ulikosea, lakini wanaokucheka nao hawajui kosa liko wapi. Wao wanacheka kwa sababu A na K ilifunguliwa. Angefungua 9 mbili ukashinda, wangekupigia makofi, na uamuzi ungekuwa uleule. Uamuzi wa kufuata, yaani kuweka kiasi kilekile alichoweka yeye, unapimwa kabla karata tano za mezani, zile za wote, hazijafunguliwa, kwa mambo matatu kwa mpangilio huu: bei, kiti chake, halafu ndiyo karata zako. Meza nyingi za huku kwetu, kuanzia Shangani ya Mtwara mpaka Masasi, mtu anaanza na la tatu na kuishia hapohapo.

Bei kwanza. Chukua kiasi unachotakiwa kuongeza, gawa kwa jumla yote itakayokuwa katikati baada ya wewe kuongeza. Jibu ndilo asilimia ya ushindi unayohitaji ili usipate hasara. Kwako: chipu zake 8,000, blaindi ndogo iliyotupwa 500, na 1,000 yako ambayo tayari iko katikati, jumla 9,500. Unaongeza 7,000. Katikati panakuwa 16,500. Elfu saba kwa 16,500 ni asilimia 42.

Hiyo 1,000 yako ndiyo inayowachanganya watu. Wapo wanaohesabu kwamba wanaweka 8,000. Sivyo. Ukishaiweka si yako tena, ni ya katikati. Ndiyo maana aliye blaindi kubwa ananunua kwa bei nafuu kuliko mwingine yeyote mezani. Ungekuwa kiti kingine ambacho hakijaweka kitu, ungelipa 8,000 kamili kugombea 17,500, na hapo unahitaji asilimia 46.

Sasa tazama bei inavyoshuka jinsi rundo lake linavyopungua, wewe ukiwa blaindi kubwa palepale. Akisukuma 5,000, unaongeza 4,000 kugombea 10,500: asilimia 38. Akisukuma 3,000, unaongeza 2,000 kugombea 6,500: asilimia 31. Akisukuma 2,000, unaongeza 1,000 kugombea 4,500: asilimia 22 tu, na hapo kutupa karata yoyote ile ni kugawa sadaka kwa asiyehitaji. Hata 7 na 2, karata zinazosifika kwa ubovu, hushinda kama mara moja katika tatu dhidi ya karata mbili zilizookotwa bila kuchagua. Lakini akiwa na 12,000, unaongeza 11,000 kugombea 24,500, asilimia 45. Huyo bado ana pumzi, usimhesabu kama maskini.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, mwombe ahesabu chipu zake. Mezani kwa watu, chipu kubwa hufichwa nyuma ya ndogo, iwe kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Rundo unalodhani ni 5,000 likitokea ni 11,000, hesabu yako yote imekufa.

La pili, kiti. Hapa ndipo penye utamu, na ndipo ulipoangukia, njomba. Aliyesukuma kutoka kiti cha kwanza ana watu wanane nyuma yake ambao bado hawajaamua, na kila mmoja anaweza kuwa na kitu. Mtu mwenye akili timamu hasukumi pale na takataka. Tuseme ni mgumu, anasukuma jozi za 10 kwenda juu, na A pamoja na Q au K. Katika mchanganyiko 1,326 wa karata mbili unaowezekana, hizo ni 62, chini ya asilimia 5. Dhidi ya kundi hilo, A na J yako inashinda kama asilimia 28. Wewe unahitaji 42. Hiyo ni hasara hata siku utakayoshinda.

Sababu ni kwamba A yako haikusaidii. Karibu kila anachoshika kina A yenye mwenza mkubwa kuliko J, au ni jozi inayoizidi J. A na J dhidi ya A na K inashinda karibu mara moja katika nne. Ajabu ni kwamba 7 na 6 za rangi moja, kopa kwa kopa, zinashinda kama asilimia 40 dhidi ya A na K hiyohiyo, kwa kuwa hazigongani nayo.

Mlegeze kidogo: jozi za 6 kwenda juu, A na 10 kwenda juu, K na Q. Hapo amefika asilimia 10 ya karata zote, na A na J yako inapanda hadi 42 au 43. Sawasawa na bei. Kufuata au kutupa hapo ni mamoja, na anayekuambia kwa uhakika ni lazima ufuate anabahatisha. Ila angesukuma yule aliye kiti cha mgawaji, ambaye amebakiza watu wawili tu nyuma yake, angekuwa na haki ya kusukuma theluthi ya karata zote au zaidi. A na J inakuwa juu ya nusu. Fuata haraka.

Na msimu nao una neno. Malipo ya korosho yakishaingia, watu wanasukuma kwa furaha. Mkono mwepesi wa Novemba si ule wa Aprili, mtu yuleyule. Panua kundi la karata unazodhani anasukuma nazo.

Karata zako sasa. Ukiwa na jozi dhidi ya karata mbili zinazoizidi, uko juu kidogo ya nusu. Jozi dhidi ya karata moja kubwa na moja ndogo, kama 70. Jozi ndogo dhidi ya kubwa, chini ya 20. Zikariri hizo, zinatosha meza nzima.

Bado kuna mashindano, ambako chipu si pesa. Tuseme ishirini mmechanga 5,000 kila mtu, zawadi ni 50,000, 30,000 na 20,000, mmebaki wanne wenye chipu sawa. Sehemu yako ina thamani ya 25,000. Ukifuata mwenzako na kushinda, chipu zinakuwa mara mbili, lakini thamani inafika kama 38,300 tu, kwa kuwa huwezi kushinda zaidi ya zawadi ya kwanza. Ukishindwa, unatoka mikono mitupu. Unahitaji asilimia 65 hapo. Dhidi ya mwenye rundo dogo hasara haiwi kubwa hivyo, lakini bei bado iko juu ya ile ya hesabu ya kawaida. (Na mchezo wa pesa hapa nchini unataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, mlango umefungwa kwa aliye chini ya miaka 18. Wanaocheza kwa soda wanapata mazoezi yaleyale.)

Ukiwa na watu nyuma yako ambao hawajaamua, usifuate kwa kulipa 8,000 tu ukawaachia mlango. Kama karata ni ya kwenda nayo, jozi ya 10 au A na K, sukuma wewe mwenyewe juu yake uwafukuze. Kama haistahili kusukumwa, mara nyingi haistahili kufuatwa.

Kila karata zinapofunguliwa, andika mambo matatu kwenye simu: alikuwa kiti gani, alikuwa na chipu ngapi, alifungua nini. Usisubiri wakati wewe ndiye uliyefuata. Andika pia wengine wanapopambana.