Kabla hujaitukana filamu, angalia rimoti

Barua za mwezi huu zimetoka kila upande wa Ziwa Victoria, na karibu zote zinatoa hukumu: hii kali, ile mbovu, ile imenilaza. Hatuna ugomvi na hukumu za watu. Ila ukizisoma mara ya pili unagundua kuwa anayestahili lawama wakati mwingine ni kopi, au spika, au kitufe alichobonyeza mtoto.

*Nimeangalia Tenet kwenye TV iliyounganishwa na subufa. Muziki unatikisa bati, risasi zinamwamsha jirani, lakini watu wakiongea ni kama wako chini ya maji. Nimeipa mbili juu ya kumi. Nimekosea?*
Msomaji, Igoma, Mwanza

Umekosea nusu. Tenet ya Christopher Nolan (2020) ililalamikiwa hata na watu walioitazama kwenye majumba makubwa ya sinema Uingereza na Marekani. Nolan hupendelea sauti iliyonaswa palepale wakati wa kupiga picha, kuliko kumrudisha mwigizaji studio akaseme upya, na humu wahusika kibao wanaongea wakiwa wamevaa barakoa. Hilo ni lake, mkate alama unavyotaka.

Lakini "chini ya maji" ni dalili ya kitu kingine. Filamu nyingi za siku hizi huchanganywa sauti katika njia sita: kushoto, kulia, katikati, mbili za nyuma na moja ya besi. Maongezi karibu yote hupita njia ya katikati. Kama deki yako ina matundu sita ya sauti nyuma na wewe umechomeka mawili tu, jekundu na jeupe, njia ya katikati haina pa kutokea. Muziki utaupata, milipuko utaipata, maneno yatakufikia kama mwangwi. Ingia kwenye menyu ya sauti ya deki, tafuta palipoandikwa "Downmix", weka "Stereo". Hapo maongezi yatagawanywa kwenye spika zako mbili.

Kama hilo liko sawa, geukia nyaya za spika zenye vibanio, nyekundu na nyeusi. Spika moja ikifungwa kinyume, wakati mwenzake anasukuma hewa yeye anaivuta, na sauti inayofanana pande zote mbili, yaani ya mtu anayeongea, inafutana yenyewe. Jipime na taarifa ya habari ya redioni: kaa katikati ya spika mbili. Msomaji wa habari akisikika kama yuko mbele yako, nyaya ziko sawa. Akisikika kama hana mahali alipo, na besi imepwaya, geuza nyaya za spika moja tu. Ukigeuza zote mbili umerudi pale pale.

La tatu ni tofauti kubwa kati ya mnong'ono na bomu. Kwenye kompyuta, programu ya VLC ina kitu kinaitwa "Compressor" ndani ya Tools, Effects and Filters. Kiwashe, kitashusha makelele na kupandisha minong'ono. TV nyingi zina hali ya usiku inayofanya kazi hiyohiyo. Na jamani, besi ya subufa si lazima ifike mwisho.

Ukishamaliza hayo, rudia dakika ishirini za mwanzo. Bado huelewi? Basi sasa ni Nolan.

*Wanaume watatu wanaangaliana makaburini, kamera inaonyesha pua na nusu sikio. Hii ndiyo kauboi bora duniani?*
Msomaji, Musoma

Nusu sikio? Hapo kuna mtu kabonyeza "Zoom" ili kuondoa mistari myeusi ya juu na chini. The Good, the Bad and the Ugly (1966) ilipigwa kwa picha pana sana: upana wake ni mara 2.35 ya kimo, wakati TV yako ni mara 1.78 tu. Kwenye TV ya inchi 32, yenye kioo cha sentimita 71 kwa 40, picha nzima inakaa kwenye kimo cha kama sentimita 30, na mistari ya kama sentimita 5 juu na chini ni halali yake. Ukiivuta ijaze kioo, umekata robo ya upana. Sergio Leone aliwapanga wale watatu mmoja huku, mmoja kule, mwingine mbali kabisa, makusudi ili jicho lako lihangaike kuwatafuta. Ukikata pembeni, unamkata mtu mwenye bastola.

Weka "16:9" au "Original". "4:3" usiiguse, itakubania watu wawe wembamba kama dagaa. Kisha irudie sehemu hiyo sauti ikiwa juu, maana muziki wa Ennio Morricone ndio unaohesabu muda pale, si saa. Kama bado itakuchosha, hatutakubishia. Ni filamu ya karibu saa tatu.

*Wageni kutoka Ulaya hunitajia Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapahapa Mwanza. Nimeiona: mji wangu umefanywa jehanamu. Ni ya kweli au ya kutuchafua?*
Msomaji, Kirumba, Mwanza

Hii tumeletewa zaidi ya mara moja, tuikalie kidogo. Ni filamu ya maisha halisi ya Mwaustria Hubert Sauper, ya mwaka 2004. Iligombea Oscar katika tuzo za 2006, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani. Tuipasue kama sangara: minofu huku, mifupa kule.

Kuna vitu ambavyo kamera imeviona. Madege ya mizigo ya Ilyushin yanatua uwanja wetu, minofu inapakiwa kwenda Ulaya, watoto wa mtaani wanagombea wali, wanawake wanakaa na marubani baa, mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, yanaanikwa. Hakuna mtu wa Kirumba atakayesema vitu hivyo vilitungwa. Hata habari ya samaki mwenyewe ina ukweli: sangara si mwenyeji, alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa, zikatoweka kwa ajili yake.

Halafu kuna vitu ulivyoambiwa. Kubwa ni silaha. Ukitoka kwenye filamu unaamini yale madege huja Mwanza yamejaa bunduki. Itazame tena: hakuna sanduku la silaha linalofunguliwa mbele ya kamera. Ungamo zito linatoka kwa rubani mmoja karibu na mwisho, anayesema alibeba mizigo mizito mfano wa vifaru kupeleka Angola, kisha akapitia Johannesburg kuchukua zabibu za kupeleka Ulaya. Angola, siyo Mwanza. Mengine ni tetesi na shaka za watu wanaohojiwa. Filamu haina msimulizi wa kukuambia "hii inaunganika na ile". Inaweka maneno hayo jirani na picha ya ndege inayoteremka juu ya ziwa, na kuunganisha unaunganisha wewe mwenyewe. Hapo ndipo mhariri wa picha anapofanya kazi yake, na huyu aliijua vizuri.

La mapanki nalo lina namna yake. Mtazamaji wa Paris anaona mifupa yenye funza na kudhani hicho ndicho chakula cha mji mzima. Wewe unajua kuna panki linalokaangwa likiwa bichi na linalosagwa kuwa chakula cha kuku, na kwamba kati ya hayo mawili kuna tofauti ya bei na ya harufu. Soko la Mwaloni na magunia yake ya dagaa, mama anayeuza sato wa mafungu, fundi mitumbwi: hao wamebaki nje ya picha. Filamu haikulazimika kuwaingiza wote, ila ukiambiwa "hii ndiyo Mwanza" una haki ya kuuliza wako wapi.

Ushauri: itazame mara ya pili na karatasi yenye safu mbili, "nimeona" na "nimeambiwa". Mgeni wako akija tena, mpe karatasi hiyo asome. Hukumu yetu sisi: ni filamu kali sana, na kwa suala la silaha ni shahidi dhaifu.

*Watoto wamekataa The Lion King mpya, wanataka ya zamani ya katuni. Mimi naona mpya ina picha safi zaidi. Pia wimbo wa mwanzo ni Kiswahili gani kile?*
Mama, Nansio, Ukerewe

Watoto wameona vizuri, mama. Ile ya 1994 ilichorwa, na mchoraji humpa simba nyusi, humkunja paji la uso, humlegeza mdomo. Ile ya 2019 ya Jon Favreau imetengenezwa kwa kompyuta ifanane na simba wa Serengeti (picha moja tu, ya jua likichomoza mwanzoni, ndiyo iliyopigwa kwa kamera kweli), na simba wa kweli hana nyusi za kununia. Baba akifa, sauti inalia na uso umetulia tuli. Mtoto anaamini uso. Tena ya zamani ni dakika 88, mpya 118, na hiyo nusu saa ya ziada haina jipya la maana.

Maneno yanayofungua wimbo wa mwanzo si Kiswahili, ni Kizulu. Anayeimba ni Lebo M wa Afrika Kusini. Kiswahili kimo kwenye majina: Simba, Rafiki, Pumbaa ambaye ni kitenzi kizima, na fisi Shenzi. Katika mpya fisi wengine wanaitwa Azizi na Kamari, sijui nani aliwachagulia.

Wakichoka na simba, wawekee Queen of Katwe (2016) ya Mira Nair: binti wa Kampala, ng'ambo ya ziwa hilohilo, anayeuza mahindi na kuwashinda watu sataranji. Lupita Nyong'o ni mama yake. Nyuso zipo za kutosha.

*Parasite wanaisifu, mimi maandishi ya tafsiri yalikuwa yanatangulia mpaka nikawa najua kila kitu kabla hakijatokea. Utamu uko wapi?*
Msomaji, Nyakato, Mwanza

Utamu umeuliwa na faili. Angalia dakika ya 5 na dakika ya 100. Kama maandishi yanatangulia kwa kiasi kilekile sehemu zote mbili, ni rahisi: kwenye VLC bonyeza H kuyachelewesha, G kuyawahisha, kila mbonyezo ni sehemu ya ishirini ya sekunde. Kama mwanzoni yako sawa na mwishoni yamekimbia kwa dakika nzima, usijisumbue na H. Filamu yako inakwenda picha 23.976 kwa sekunde na maandishi yalitengenezwa kwa kopi ya picha 25. Tofauti ni kama asilimia 4, na kwa filamu ya dakika 132 mwishoni maandishi yatakuwa mbele kwa zaidi ya dakika tano. Tafuta faili lingine lenye namba sawa na ya kopi yako, lipe jina lilelile la filamu herufi kwa herufi, viweke folda moja. TV nyingi zitalisoma zenyewe.

Na uirudie. Nusu ya pili inategemea usijue kilichoko chini ya ile nyumba.

*Kwa nini Bongo Muvi zilikuwa lazima ziwe "part one" na "part two"?*
Msomaji, Sengerema

VCD moja hubeba dakika 74 mpaka 80. Hadithi ya saa mbili ilihitaji diski mbili, na wasambazaji wakaona kila diski inauzika kivyake. Baada ya hapo hadithi ya dakika 70 ikaanza kuvutwa ifike 140: gari linapaki, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka sebuleni, anasalimia, anakaa. Diski zimekwisha, anayeendelea kupaki gari dakika mbili hana kisingizio.

*Who Killed Captain Alex ya Waganda ina DJ anayepiga kelele mwanzo mwisho na picha ni chafu. Naipata wapi safi, isiyo na DJ?*
Msomaji, Bukoba

Huipati, haipo. Nabwana I.G.G. aliitengeneza Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, na toleo lisilo na sauti ya VJ Emmie, huyo unayemwita DJ, limepotea. Kilichobaki ni hicho ulichonacho, pamoja na damu na milipuko ya kompyuta. Kwa hiyo usihangaike kutafuta kopi bora, na usimwone Emmie kama mtu aliyeharibu filamu ya watu: utani wake ndio unaoibeba, bila yeye ungebaki na vijana wanaokimbizana vichakani.

Kwa filamu zinazotafsiriwa kwenye mabanda yetu ya video, mambo ni tofauti. Hapo DJ anashusha sauti ya awali ili ya kwake isikike, anawabatiza wahusika majina mapya, na pengine anaongeza ugomvi ambao haumo. Lufufu alikuwa bingwa wa mchezo huo na watu walimfuata yeye kuliko mwigizaji. Itazame ya DJ kwanza upate kisa, halafu ya asili. Ila ukitaka kusema fulani hajui kuigiza, useme baada ya kuisikia sauti yake.