Shikamoo ya mwanafunzi wako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza umfanyeje yule kijana wa Kijerumani aliyekataa kumwamkia bibi mwenye nyumba anayokaa hapo Mji Mkongwe. Amesoma kwamba shikamoo ni kushika miguu, na yeye hamshiki mtu miguu. Bibi kanuna, nawe umeshamwambia kijana, "Huu ndio utamaduni wetu."

Hapo uliharakisha, mwanangu. Jibu hilo linamfunga mdomo, halimfundishi.

La miguu usimkatalie. Neno limetoka huko kweli. Ila muulize: kwao, mwalimu wake wa sekondari alikuwa akimwita *du*, "wewe" ya rafiki, au *Sie*, "wewe" ya heshima? Atasema *Sie*, bila hata kufikiri. Mwache hapo kwanza. Kisha mpe nusu ya pili ya salamu, ile inayopitwa mbio darasani: marahaba. Anayeipokea shikamoo keshajifunga yeye. Ndiye wa kukuuliza umelalaje, umekula nini, na mama huko kwenu hajambo? Nenda naye kwa bibi jioni baada ya alasiri, mkae barazani, uamkie wewe kwanza. Asiposema, usimlazimishe. "Habari za saa hizi, bibi" inamtosha kwa sasa, nawe umwombee radhi kwa bibi pembeni.

Mimi yalinipata. Mwaka wangu wa kwanza na wageni niliandika ubaoni "pole", na mbele yake neno moja la Kiingereza, lile la kuomba radhi. Wiki hiyohiyo binti wa Kimarekani akateleza ngazini, madaftari yakatawanyika. Nikamwambia, "Pole, mwanangu." Akanikazia macho, goti linatoka damu: "Kwa nini unaomba radhi? Hukunisukuma!" Usiku ule sikulala vizuri. Nilimpa neno bila kumwonyesha linakokaa. Toka siku hiyo pole niliifundishia kwa mgonjwa, kwa mfiwa, kwa mtu arudiye kazini kachoka, na tafsiri sikuiandika tena.

Hao wanafunzi wako wanaokuja saa nane mchana ilhali uliwaambia saa mbili asubuhi, wala wasikusumbue. Siku ya kwanza kabisa wahesabishe saa kuanzia jua linapochomoza.

Nikivuka kuja Unguja mwezi ujao nitampitia bibi huyo. Mwambie namletea halua ya Wete.

Mama yako,
Chake Chake